Hasara za Kumiliki Kamera: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Kila msimu wa korosho, minada ikishaanza na fedha zikishaingia kwenye akaunti za wakulima, maswali haya huanza kumiminika. Kijana wa Tandahimba anataka kamera. Mwalimu wa Nachingwea ameona tangazo la kamera ya mtumba. Dada wa Lindi mjini anafikiria kuacha kuuza duka aingie kwenye picha za harusi. Mazuri ya kamera muuzaji atakueleza yote, tena kwa ufasaha. Hapa nimekusanya upande wa pili, kwa sababu hasara nyingi za kamera hazionekani dukani, na zile nzito zaidi si za fedha. Mimi napiga picha Mtwara na kazi hii naipenda sana. Ndiyo maana nataka anayenunua ajue anachojitwisha.

Bei niliyoambiwa dukani si ndiyo gharama yote?

Siyo. Bei hiyo mara nyingi ni ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, pamoja na lenzi ya milimita 18-55 inayokuja nayo. Mchana, pale ufukweni Shangani, lenzi hiyo inakutosha kabisa. Ipeleke ukumbini saa tatu usiku, taa za rangi zinazunguka na bibi harusi ndiyo anaingia, utaona picha zinatoka nyeusi au zimetikisika. Ukivuta mpaka mwisho, tundu lake la mwanga haliwezi kufunguka kupita f/5.6 (namba hii ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya 50mm yenye f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Kwa hiyo utainunua. Kisha flashi, betri ya pili, kadi za akiba, begi, kompyuta ya kuhariria na diski ya kuhifadhia. Aliyeweka milioni moja na nusu kwa ajili ya kamera, mimi humshauri bodi isile zaidi ya nusu yake.

Halafu ukishachagua bodi umeoa, na wakwe wanakuja. Lenzi za Canon za mfumo wa EF zilianza mwaka 1987. Kamera zao mpya zisizo na kioo cha ndani zinatumia mfumo wa RF uliotoka 2018. Nikon nao wana F tangu 1959 na Z tangu 2018. Lenzi ya zamani unaweza kuifunga kwenye bodi mpya ya kampuni ileile kwa kutumia adapta, lakini lenzi mpya haikai kwenye bodi ya zamani. Ukihama kampuni, unaanza upya karibu kila kitu. Kwa hiyo kabla ya kununua, ulizia wapiga picha wa mji wako wanatumia mfumo gani. Siku lenzi yako ikikwama asubuhi ya harusi, atakayekuokoa ni jirani mwenye lenzi inayoingia kwenye bodi yako.

Kamera ya mtumba ina ubaya gani?

Ubaya wake ni kwamba kamera inaweza kuwa nzuri kwa nje na imechoka ndani. Kuna kifaa kinaitwa shata, kinachofunguka na kujifunga kila unapobonyeza. Kwenye kamera nyingi za kiwango cha kuanzia, watengenezaji huikadiria shata kwa mibofyo 100,000 hivi. Inaonekana ni mingi mpaka upige hesabu: mpiga picha anayebofya mara 1,500 katika harusi moja anaimaliza ndani ya harusi 67. Inaweza kuvuka hapo ikaendelea, na inaweza kufa kabla. Muuzaji anayesema "imetumika kidogo tu" mwombe akuonyeshe idadi ya mibofyo. Zipo programu za kuisoma kwa kamera nyingi.

Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda na kadi yako mwenyewe. Piga ukuta mweupe kwa f/16, kisha kuza picha uangalie madoa. Fungua kifuniko cha betri uangalie kama vyuma vina kutu ya kijani. Mulika lenzi kwa tochi. Na uliza risiti yenye namba ya kamera, kwa sababu kamera nyingi zinazouzwa haraka haraka jioni zina mwenyewe anayezitafuta.

Ni kweli lenzi zinaota ukungu huku kwetu?

Ni kweli, na kwa maoni yangu hii ndiyo hasara ya kwanza ya kumiliki kamera katika pwani ya kusini. Watu hupoteza lenzi nzima bila kuidondosha hata mara moja.

Kuvu hukua kwenye kioo hewa inapokuwa na unyevunyevu mwingi kwa muda mrefu, kuanzia kama asilimia 60 au 70 na kuendelea. Mtwara mjini, Mikindani, Lindi na Kilwa hewa ya bahari inafika hapo kirahisi, hasa mvua zikianza mwishoni mwa mwaka mpaka Aprili. Kuvu hapendi mwanga wala hewa inayotembea. Anapenda giza, ngozi, kitambaa na utulivu. Sasa fikiria watu wengi wanavyotunza kamera yao: kwenye mkoba wake wa kitambaa, ndani ya kabati la nguo, mlango umefungwa, mpaka harusi nyingine. Huko ni kumfuga.

Ukitaka kumwona, toa vifuniko vyote viwili vya lenzi, fungua tundu la mwanga mpaka mwisho, mulika tochi upande mmoja ukichungulia upande mwingine. Utaona nyuzi nyembamba nyeupe zimetawanyika kama mizizi, mara nyingi zikianzia ukingoni mwa kioo. Zikiwa chache picha haziharibiki sana. Zikienea, picha inakuwa kama imepigwa kupitia moshi, hasa mwanga ukitokea mbele yako. Na kuvu hutoa tindikali inayokula rangi ya kinga ya kioo. Fundi akishasafisha, alama inaweza kubaki.

Kinga yake si ghali. Nunua chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, kile cha kuhifadhia vyakula. Weka ndani vipakiti vya silika jeli vya kutosha, na kipimo kidogo cha unyevunyevu ukikipata. Lenga asilimia 40 hadi 50. Punje zenye rangi hubadilika zikishiba maji. Zikaushe kwa moto mdogo kwenye sufuria ambayo hutaipikia tena, kisha zirudishe zikipoa. Zisikae mahali watoto wanafikia. Mchele ambao wengi huutumia haufai, unaingiza vumbi lake. Na itoe kamera kila wiki, hata kama huna kazi, uizungushe lenzi na kupiga picha mbili tatu. Ila usiiache juani bila kifuniko: jua likipita kwenye lenzi huunguza.

Na maji ya bahari?

Upepo tu wa Msimbati unatosha kuacha chumvi kwenye kioo. Ukitoka ufukweni, futa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Usibadilishe lenzi ufukweni wala ndani ya mashua. Ukivuka kwenda Kilwa Kisiwani, kamera ikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa hadi mshuke. Ikizama kwenye maji ya chumvi, toa betri palepale na usijaribu kuiwasha "uone kama imepona". Kusema kweli, nyingi haziponi.

Huku bara kwetu hakuna bahari. Bado kuna hatari?

Newala, Tandahimba, Masasi na Ruangwa mna vumbi, na wakati wa kupulizia mikorosho mna salfa. Unga wa salfa ule wa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga ni mwembamba mno. Unaelea hewani asubuhi nzima na kuingia kwenye pete za lenzi na matundu ya vitufe. Ukikutana na unyevu, salfa hula shaba na fedha, na vyuma vinavyopitisha umeme kwenye betri na flashi mara nyingi vina madini hayo. Mtu anayetaka kupiga picha ya shamba linapopuliziwa, na ni picha nzuri kweli, asimame upande upepo unakotokea, lenzi moja tu, na akirudi apulize vumbi kwa mpira wa kupulizia kabla ya kufuta. Ukifuta kwanza unasaga.

Hatari nyingine ni mvuke unaoshika kwenye kioo unapotoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto. Kioo kinatoa jasho, wakati mwingine hata ndani, usikoweza kufuta. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa izoee. Maharusi wakitoka hotelini kwenda kupiga picha bustanini, wewe tangulia.

Ikiharibika natengeneza wapi?

Kazi ndogo utapata mtu hapa. Kazi ya shata, ya kioo cha ndani au ya mota ya lenzi mara nyingi inaishia kutumwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara. Utalipia usafiri wa kwenda na kurudi, utasubiri vipuri, na wakati huo kazi zako anazichukua mwingine.

Picha nazihifadhi vipi? Kadi si inatosha?

Kadi haitoshi, na watu wengi wanalia hapa.

Picha moja ghafi ya kamera ya megapikseli 24 ina ukubwa wa kama MB 25 hadi 30. Picha 1,500 za harusi moja ni kama GB 40. Video ya 4K inayorekodiwa kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa moja. Piga harusi nne mwezi wa Desemba, kompyuta imejaa. Ndipo mtu anaanza kufuta za zamani ili kuingiza mpya, na mwezi wa tatu mama wa bwana harusi anapiga simu kuomba tena picha za mwanawe.

Weka nakala mbili mbali na kadi: moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski ya nje inayokaa nyumba tofauti. Kila nikiwa na kazi ya mtu, kadi siifomati mpaka mwenyewe amepokea picha zake na kusema zimefika. Umeme ukikatika wakati unahamisha picha, faili zinaweza kuharibika, kwa hiyo hamisha kompyuta ikiwa na chaji na utumie amri ya kunakili, si ya kukata.

Jihadhari na kadi bandia. Imeandikwa GB 128, kumbe ndani ni GB 8. Kamera inaendelea kuandika kana kwamba nafasi ipo, na unagundua nyumbani kwamba picha za nusu ya shughuli hazifunguki. Programu ya bure iitwayo H2testw kwenye Windows inaijaza kadi na kuisoma tena ikuambie ukweli. Jaribu kila kadi mpya kabla haijaingia kazini. Na ukifuta kwa bahati mbaya, acha kupiga papo hapo. Kilichofutwa mara nyingi kinarudi kama hujaandika kitu kingine juu yake.

Taa za disko zinaweza kuua kamera?

Taa za kawaida hapana. Miale ya leza ndiyo. Ikipiga moja kwa moja kwenye lenzi inaweza kuchoma sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, na mstari au doa hilo litabaki kwenye kila picha. Ongea na mtu wa muziki kabla shughuli haijaanza, aielekeze juu.

Kwa nini wenye kamera wanalalamikia ndugu?

Kwa sababu ukishakuwa na kamera, cheo chako kwenye ukoo kinabadilika. Ulikuwa mpwa, sasa wewe ni mpwa mwenye kamera. Shangazi anapiga simu: "Mwanangu, Jumamosi tunamtoa mtoto, usiiache kamera yako." Hakuulizi kama una nafasi, maana kwa upande wake hili ni jambo la damu, na si uongo. Unakwenda, unapiga kutwa nzima, pilau unaikuta imepoa, na kwenye picha zote za familia za miaka mitano wewe haumo. Watoto wakikua watauliza siku ile ulikuwa wapi.

Kuna la pili. Ndugu wanadhani kazi inaisha unapobofya. Kumbe bado kuchagua, kuhariri na kusafisha picha karatasini. Wanaona unachelewesha, na maneno yanaanza: "Za watu baki anazitoa mapema."

Ninachoshauri ni kutenganisha mapema na kwa upole. Mwambie shangazi: "Nitakuja kama mwanao, nitapiga picha za familia za kumbukumbu, hizo ni zawadi yangu. Shughuli nzima tumtafute mtu mwingine, nami nitachangia." Wazee wanaelewa jambo likisemwa siku nyingi kabla na kwa heshima. Wasichoelewa ni uso wa kununa siku ya shughuli. Na kila unapokwenda, mpe mtu mwingine kamera hata dakika kumi, usimame pale kati na watu wako.

Mteja akisema atalipa korosho zikiuzwa?

Utasikia hilo kuanzia Machi mpaka Oktoba. Mtu huyo si mwongo. Fedha za mkulima kweli zinapita kwenye stakabadhi ghalani, chama cha msingi, mnada na benki, na haziko mikononi mwake. Lakini hatari yake unaibeba wewe. Msimu wa 2018/2019 Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo ya wakulima wengi yalichelewa, na kila aliyekuwa anawadai alichelewa pamoja nao. Chukua nusu kabla ya kutoka nyumbani. Nusu ya pili ipokelewe siku ya kukabidhi picha. Andikeni hata kwenye karatasi ya daftari, mkiweka tarehe, idadi ya picha na nani ana haki ya kuzitumia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hasara nyingine ya msimu ni hii: Oktoba hadi Januari unakataa kazi, Machi na Aprili kamera inalala. Anayenunua kwa mkopo wa marejesho ya kila mwezi aangalie miezi hiyo kwanza.

Rafiki anataka kuiazima. Nimpe?

Usimpe kamera peke yake. Nenda nayo, au kataa.

Naruhusiwa kupiga picha za jando na unyago?

Swali hili linahitaji utulivu, kwa sababu hapa kamera inaweza kuumiza watu na si mfuko wako tu.

Likizo za shule zikifika, Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wanawacheza watoto wao, yaani wanawapitisha jandoni na unyagoni. Ile siku ya kuwatoa wali (ndio hao watoto wanaochezwa, mmoja ni mwali), wakiwa wamevaa nguo mpya, ngoma zinapigwa na watu wanatunza, kamera inakaribishwa, na ni picha ambazo familia zitazithamini miaka mingi. Lakini kinachofanyika ndani, kwenye nyumba ya unyago au huko jandoni porini, hakipigwi. Hata kama kuna mtu amekwambia ingia. Hata kama umechezwa mwenyewe. Mafundisho yale ni siri ya waliomo, na waliomo ni watoto. Mwali hawezi kukataa mbele ya nyakanga, yaani mwalimu mkuu wa unyago, na mama zake, kwa hiyo ukimya wake usiuhesabu kuwa ruhusa.

Ngoma za vinyago, mapiko au midimu kutegemea upande unaotoka, nazo zina mwiko wake. Kwa desturi anayecheza ndani ya kinyago hatajwi wala hajulikani kwa ambao hawajaingia jandoni. Kumpiga picha akicheza uwanjani, omba kwa mwenye ngoma. Kumfuata nyuma anakovulia kinyago ni kuvunja heshima ya ngoma nzima, na kijiji hakitakusahau.

Nimeona picha za wali wadogo, kifua wazi, zikizunguka kwenye magrupu ya simu na maneno ya kuchekesha chini yake. Aliyezipiga labda alikusudia mema. Watoto wale sasa wanasoma sekondari, na picha bado zinazunguka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 zipo, lakini hakuna sheria inayoweza kuirudisha picha ikishatoka. Picha ya namna hiyo isipigwe.

Nimpige mtu picha sokoni bila kumwambia, kuna ubaya?

Upo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu namna tunavyokusanya na kutumia taarifa zinazomtambulisha mtu, uso wake ukiwemo. Kama picha ni ya tangazo au biashara, pata ridhaa ya maandishi.

Ila nje ya sheria kuna jambo linalonigusa zaidi. Mikindani, ukipita kwenye nyumba za kale, au Kilwa Kivinje kwenye samaki, utakutana na mzee anayekukunjia uso akiona kamera. Muulize taratibu. Wengi watakwambia walishapigwa picha na wageni na wenyeji, wakaahidiwa, na hawajawahi kuona hata moja. Kila picha ya mtu uliyomwahidi ni deni. Safisha karatasini, rudi nayo, mpe mkononi. Bibi mmoja Newala niliyempelekea picha yake aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza kuangalia nyuma kama kuna maandishi, akaniomba niandike jina lake na la marehemu mumewe. Gharama ya kusafisha picha za namna hii haimo kwenye bajeti ya wanunuzi wengi wa kamera. Iweke.

Ni wapi kamera italeta matatizo na vyombo vya usalama?

Kambi za jeshi, vituo vya polisi, magereza, bandari, uwanja wa ndege na mitambo ya gesi kama ile ya Madimba: usipige bila ruhusa. Kuwa mwangalifu zaidi ukanda wote wa Mto Ruvuma. Tangu vurugu za Cabo Delgado zilipoanza upande wa Msumbiji mwaka 2017, askari wa mpakani wana sababu ya kumuuliza mtu mwenye lenzi ndefu anafanya nini. Hata Daraja la Umoja kule Mtambaswala, uliza kwanza. Kijijini ripoti kwa mwenyekiti au mtendaji kabla ya kuanza.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, yana kibali chake kinachochukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Filamu na matangazo yana vibali vya ziada. Droni inahitaji usajili na ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kamera inaninyima kufurahia shughuli. Ni mimi tu?

Si wewe tu. Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha mwaka 2014 utafiti uliofanyika kwenye jumba la makumbusho: watu walivikumbuka vibaya zaidi vitu walivyovipiga picha nzima kuliko vile walivyovitazama tu. Jambo la kutia moyo ni kwamba waliovuta lenzi kwenye sehemu ndogo ya kitu hawakupoteza kumbukumbu hiyo. Nami naliona hilo kwenye kazi. Nikipiga ovyo ovyo narudi na picha mia nane na sikumbuki wimbo hata mmoja. Nikiamua leo naangalia mikono ya wapiga ngoma, siku nzima inabaki kichwani.

Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, bonde la Ruvuma limetandazwa chini yako, acha kamera begani kwanza. Litazame mpaka utosheke.

Msibani je?

Usiitoe mpaka wafiwa wenyewe waombe. Wakiomba, piga kwa mbali, bila flashi, na picha wapelekee wao tu.

Kwa hiyo simu ingetosha?

Kwa wengi, ndiyo. Mchana, picha za kutuma kwa WhatsApp, watoto nyumbani, biashara ndogo ya vitenge: simu nzuri inatosha, na WhatsApp inabana picha kiasi kwamba tofauti na kamera haionekani sana. Kamera inastahili taabu zake pale penye giza, penye umbali, penye mwendo wa kasi, na pale utakapochapisha picha kubwa ya ukutani. Kama huna moja ya hayo, fedha ya korosho ina kazi nyingine.

Nimeamua kuiuza. Nianzie wapi?

Iuze kabla ya masika, ikiwa kavu na safi. Mwonyeshe mnunuzi idadi ya mibofyo na kasoro zake bila kuficha, na umpe risiti. Kadi ni bora ubaki nazo. Kama lazima ziende, usitegemee kufuta wala kufomati kwa haraka, kwa sababu programu zilezile zinazokuokoa wewe zitamrudishia mnunuzi harusi za watu na watoto wao. Fomati kadi, elekeza kamera ukutani, rekodi video mpaka kadi ijae kabisa, kisha fomati tena. Halafu ondoa jina lako kwenye mipangilio ya kamera na uifute kwenye simu yako kama mlikuwa mmeunganishwa.